Volti 74 ndani ya tangi la samaki, na mkono unaochomwachomwa

«Papa mhandisi, nakusalimu. Nyumbani kwetu Himbi, hapa Goma, tuna tangi la kioo la lita 200 lenye samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Uvira. Ndani yake kuna pampu ya chujio iliyozama na kipasha-maji cha kioo cha wati 200. Juu kuna taa ya ledi yenye fremu ya alumini. Kwa wiki kadhaa sasa, jioni ninapoegemea ukingoni na kuingiza mkono majini, nasikia kama sindano ndogo kidoleni, hasa penye mchubuko. Mdogo wangu alileta multimita, akaweka ncha moja majini na nyingine kwenye kijiti cha ardhi cha prizi: volti 74. Tulipochomoa pampu zikabaki 60, tulipochomoa kipasha-maji 38, na tulipochomoa taa, yaani kila kitu, bado zilibaki 11. Fundi wa mtaani anasema tuzamishe waya wa shaba majini na kuufunga kwenye nondo za dirisha ili umeme ushuke. Samaki wawili wana vishimo kichwani. Mume wangu anataka tutupe vifaa vyote tununue vingine. Umeme ukikatika tunatumia betri na konvertisa, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220. Tufanye nini, na je, watoto wako hatarini?»

Mama, nianze na lisiloweza kusubiri. Kuanzia leo asiingize mtu mkono katika maji hayo, mkubwa wala mtoto, kabla plagi zote za tangi hazijachomolewa ukutani. Kuzima swichi ya ralonji, ule waya wa kuongezea wenye prizi, hakutoshi, kwa kuwa swichi nyingi za ralonji hukata waya mmoja tu, na plagi za miguu miwili huingia prizini kwa namna zote mbili, hivyo huwezi kujua kama waya uliokatwa ndio wenye umeme. Samaki hawatadhurika chujio likisimama robo saa wakati unasafisha.

Sasa nirudi kwenye swali lako, ambalo kwa kweli lina mambo matatu ndani yake: volti 74 zilizoonekana kwenye multimita, sindano unazozisikia kidoleni, na vishimo kwenye vichwa vya samaki. Wafugaji wengi huyachukulia kuwa ugonjwa mmoja wenye dalili tatu. Kwa jinsi ulivyoeleza, mimi nadhani yanaweza kuwa na vyanzo vitatu tofauti, na kwamba namba iliyowatisha zaidi ndiyo inayotuambia machache kuliko zote.

Multimita ya kawaida ya kidijiti, inapopima volti, ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10 hivi, na kwa hiyo inahitaji umeme kidogo mno ili ionyeshe namba kubwa. Ndani ya pampu yako kuna koili ya waya yenye volti 220, imezungushiwa gundi ngumu ya kuhami, na nje ya gundi hiyo ni maji. Koili, gundi na maji kwa pamoja huwa kapasita ndogo, yaani vipitishi viwili vya umeme vilivyotenganishwa na kihami, na umeme wa mkondo geu wa hezi 50, uwe unatoka SNEL, shirika la umeme la taifa, au kwenye mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, hupenya kidogo kidogo katika kapasita hiyo hata kama gundi haina ufa wowote. Tuchukue kapasita ya pikofaradi 100, kiasi cha kawaida kabisa kwa kifaa kilichozama pamoja na nyaya zake. Kwa hezi 50 ukinzani wake ni megaomu 32 hivi, na multimita ikiwekwa kati ya maji na ardhi itaonyesha volti 66 hivi. Lakini umeme unaoweza kupita hapo, hata ukiyaunganisha maji moja kwa moja na ardhi, ni mikroampea 7 tu. Binadamu kwa kawaida huanza kuhisi umeme unaopita mwilini ukikaribia mikroampea 500, yaani nusu miliampea. Kwa maneno mengine, pampu nzima iliyotoka dukani jana inaweza kukupa namba ya kutisha karibu sawa na hiyo yenu, na isiweze kumdhuru mtu yeyote.

Ndiyo maana namba yenu ilishuka hatua kwa hatua mlipokuwa mkichomoa. Kila kifaa kilikuwa kinachangia kidogo. Kama kimoja kingekuwa kimepasuka na kingine chochote kisiwe na kasoro, ningetarajia namba inayoikaribia 220, nayo ianguke kwa mkupuo mmoja kifaa hicho kinapochomolewa. Hata hivyo usiyasome maneno haya kama cheti cha usalama, kwa sababu kipimo chenu kilikuwa na kasoro ambayo ninyi mliiona bila kuipa uzito.

Namaanisha zile volti 11. Katika barua yako yote, hiyo ndiyo namba iliyonisimamisha. Mlichomoa kila kitu, maji yakabaki yamekaa ndani ya kioo bila waya hata mmoja, na bado multimita ikaona tofauti ya volti kati yake na kijiti cha ardhi. Umeme huo hautoki kwenye tangi. Ama nyaya zilizomo ukutani zinayagusa maji kwa mbali kwa njia ile ile ya kapasita, jambo lisilo na madhara, ama kijiti chenyewe cha prizi hakijafika ardhini popote, kinaelea, na kinabeba volti zake. Katika nyumba nyingi za Goma nadhani la pili ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi. Prizi huwekwa ikiwa na kijiti kizuri kinachong'aa, lakini nyuma yake, ndani ya ukuta, hakuna waya uliofungwa, au upo na unaishia kwenye kisanduku cha dijonkta, zile swichi zinazojikata zenyewe, bila kuendelea kwenda chini. Ukipima kutoka kwenye sifuri ya uongo, huwezi kuzitegemea volti 74, wala huwezi kuitegemea namba ndogo yoyote itakayokufariji.

Ipo hali mbaya zaidi ya kijiti kinachoelea, nayo nimeikuta mara nyingi kiasi cha kunifanya niitaje: fundi asiye na waya wa ardhi huunganisha kijiti cha prizi na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, kwa kipande kifupi cha waya ndani ya prizi hiyo hiyo, ili mwenye nyumba akipima aone kwamba «ardhi ipo». Siku nyutro itakapolegea au nyaya zitakapogeuzwa kwenye kisanduku, kila kifaa chenye ganda la chuma, kuanzia friji hadi pasi, kitabeba volti 220 nje nje. Hilo likigunduliwa nyumbani kwenu, liondolewe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuligusa tangi.

Tuje kwenye sindano za kidoleni, ambazo mimi nazichukulia kwa uzito kuliko volti zote. Umeandika kwamba unazisikia jioni, na kwamba unakuwa umeegemea ukingoni. Jioni taa huwa inawaka. Ukingoni kuna fremu ya alumini. Taa ya ledi hulishwa na adapta ya plagi ya miguu miwili, isiyo na waya wa ardhi, na ndani ya adapta za aina hiyo mara nyingi huwekwa kapasita ndogo kati ya upande wa volti 220 na upande wa volti chache, kwa ajili ya kuzuia kelele za redio. Kapasita ya nanofaradi 2.2 iliyounganishwa na volti 220 hupitisha mikroampea 150 hivi. Kama alumini ya taa imeunganishwa na upande huo wa adapta, kiwiko chako kiko kwenye chuma chenye umeme huo mdogo, na kidole chako kimo majini. Mkono wako unakuwa ndio njia. Ngozi kavu na nzima haisikii mikroampea 150, au huisikia kama mkwaruzo mwepesi, kama vile watu wanavyousikia wakipapasa ganda la chuma la kompyuta inayochajiwa. Penye mchubuko, ambapo tabaka kavu la ngozi limeondoka na umeme wote unapita kwenye nukta moja ndogo, ni sindano hasa.

Kwa sasa iache taa ikiwa imechomolewa kwa wiki nzima, na wakati huo endelea kuheshimu agizo la kutoingiza mkono pasipo kuchomoa vyote. Je, utajuaje basi kama sindano zimekwisha? Hutajua kwa kidole, na nakusihi usikifanye kidole kuwa chombo cha kupimia. Utajua kwa kipimo ninachokieleza sasa, ambacho mdogo wako anaweza kukifanya akiwa na mtu mwingine karibu, amevaa viatu vyenye soli ya mpira, na mikono ikiwa mikavu.

Nunueni rezista moja ya kiloomu 100, yenye uwezo wa wati 1. Wauzaji wa vipuri vya redio hapa Birere wanazo, na bei yake ni ya kutafuta chenji. Uwezo huo wa wati usipuuzwe: kwa volti 220 rezista hiyo itapata joto la karibu nusu wati, na zile nyembamba za robo wati zitaungua. Iunganisheni sambamba na multimita, yaani mguu mmoja wa rezista ushike ncha nyekundu na mwingine ushike ncha nyeusi, kisha mfunike viungo kwa utepe wa umeme. Sasa multimita haiwezi tena kudanganywa na umeme wa mikroampea chache, kwa sababu umeme huo utapita kwenye rezista na kuacha volti ndogo sana. Hesabu ni rahisi: kila volti moja unayoisoma ni mikroampea 10 zinazovuja. Ule umeme wa pampu wa mikroampea 7 utasomeka kama sehemu saba za kumi za volti, wakati bila rezista ulionekana kama volti 66.

Kabla ya kupima maji, pimeni ardhi yenyewe, na hapa ndipo ningependelea mwite fundi kama mdogo wako hajazoea kugusa prizi yenye umeme. Ncha moja iwekwe kwenye tundu la fezi, yaani waya wenye umeme, na nyingine kwenye kijiti cha ardhi, rezista ikiwa mahali pake. Kama ardhi ni ya kweli, mtaona karibu 220. Kama namba itaporomoka hadi volti chache, kijiti hicho hakijaunganishwa na kitu, na kipimo chochote cha maji mtakachofanya nacho kitaonyesha kwamba mambo ni shwari hata kama kipasha-maji kimepasuka katikati, kwa kuwa umeme hauna njia ya kurudi. Katika hali hiyo chomekeni nondo ya chuma katika udongo wa bustani uliolowanishwa vizuri, mvute waya hadi ndani, na kuipima nondo hiyo kwa fezi kwa namna ile ile. Ardhi duni ya omu elfu kadhaa ingetosha kwa kazi hii, maana mbele ya kiloomu 100 ni kitu kidogo.

Baada ya hapo chomoeni kila kitu, zamisheni ncha moja ya multimita majini, fungeni nyingine kwenye ardhi iliyothibitishwa, ondoeni mikono, kisha chomekeni kifaa kimoja peke yake. Someni. Chomoeni, geuzeni plagi kichwa chini, chomekeni tena, msome tena. Mlichofanya mara ya kwanza, yaani kuanza na vyote na kuchomoa kimoja kimoja, huchanganya hesabu, kwa kuwa umeme wa vifaa mbalimbali waweza kujumlishana au kupunguzana kulingana na plagi ilivyoingia. Kugeuza plagi pia si mzaha, na kipasha-maji ndicho kinachotufundisha sababu. Thamostati iliyo ndani yake hukata waya mmoja. Plagi ikiingia upande mmoja, thamostati hukata fezi, na rezistansi ya kupasha hubaki haina umeme maji yakishapata joto. Ikiingia upande mwingine, hukata nyutro, na rezistansi hubaki na volti 220 wakati wote hata taa yake ndogo ikiwa imezimika. Kipasha-maji kilichopasuka kwa hiyo kinaweza kupita kipimo asubuhi na kuvuja usiku. Kipimeni kwa pande zote mbili za plagi, na kila upande mara mbili: kikiwa kinapasha, kwa kuongeza nyuzi kwenye kirekebishi chake, na kikiwa kimejizima.

Namba mtakazopata nazisoma hivi. Chini ya volti 5 ni umeme wa kapasita usio na neno. Kati ya 10 na 25 ni tabia ya adapta na taa za namna niliyoieleza. Haiui, lakini taa ya hivyo isiachwe mahali inapogusika pamoja na maji, na mvuke usiruhusiwe kuilowesha. Kuanzia volti 50, ambazo ni nusu miliampea na zaidi, kifaa hicho kimekwisha kazi yake majini, kiwe kipya au cha zamani. Namba ikikaribia 200, msimalizie hata kuandika, chomoeni. Katikati ya makundi hayo rudieni kipimo baada ya siku chache, kwa sababu maji yanayopenya kwenye gundi iliyochoka hayarudi nyuma, na namba itapanda.

Ukiniuliza ni kifaa gani ninachokishuku kabla ya kipimo, sitazunguka: kipasha-maji. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi kwa samaki waliozoea nyuzi 25 au 26 za Tanganyika, na kipasha-maji hufanya kazi nyingi kuliko ambavyo kingefanya Kalemie, ufukweni mwa Tanganyika. Kioo chake hupasuka mara nyingi siku ya kubadilisha maji: mtu anapunguza maji bila kuchomoa, kioo kinabaki hewani kikiwa moto, kisha ndoo ya maji baridi inamwagwa juu yake. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama unywele. Kitoeni kikiwa kimepoa, mkifute, mkitazame mbele ya mwanga mkali. Ukungu au tone la maji upande wa ndani linatosha kukihukumu. Kumbukeni pia kwamba maji yaliyoongezwa chumvi za madini ili yafanane na ya Tanganyika hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji ya mvua mnayokinga kwenye bati, kwa hiyo ufa ule ule unavuja zaidi kwenu kuliko kwa jirani anayefuga samaki wa maji laini.

Kuhusu waya wa shaba na nondo za dirisha, jibu langu ni hapana. Nondo zimeshikwa na saruji na mawe, hazijashuka ardhini, na kama kipasha-maji kitapasuka mtakuwa mmeupeleka umeme kutoka kwenye maji, ambayo watoto wamekatazwa kuyagusa, hadi kwenye chuma wanachokishika kila siku wakichungulia nje. Shaba yenyewe ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki, na kwa konokono zaidi. Namba kwenye multimita ingeshuka, ni kweli, na fundi angelipwa, ilhali kifaa kibovu kingeendelea kuvuja.

Ipo aina halali ya kifaa hicho, kijiti cha titani kinachozamishwa majini na kuunganishwa na ardhi ya kweli ya nyumba. Wataalamu hawakubaliani juu yake, na kila upande una hoja. Wanaokitetea husema kwamba kifaa kikipasuka, umeme hupata njia mara moja na dijonkta nyeti hukata kabla mtu hajaingiza mkono. Wanaokipinga husema kwamba bila dijonkta nyeti kijiti hicho huanzisha mkondo usiokuwepo, ukipita majini saa 24 katikati ya samaki. Mimi niko na wote wawili kwa mpangilio: dijonkta nyeti kwanza, ardhi ya kweli ya pili, kijiti cha majini cha tatu kama bado unakitaka. Kwa mpangilio wa kinyume, bora usiwe nacho.

Dijonkta ninayoisema ni ile mafundi wetu wanayoiita diferensieli, ya miliampea 30. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa fezi na ule unaorudi kwa nyutro. Zikitofautiana kwa miliampea 30, hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Dijonkta ya kawaida ya ampea 16 haikulindi wewe, inalinda waya usiungue. Karibu na miliampea 10 misuli ya mkono hukaza na mtu anaweza kushindwa kuachia. Kupita 30, umeme ukidumu, moyo unaweza kuvurugika. Ampea 16 ni zaidi ya mara 500 ya kiasi hicho.

Hapa ndipo ardhi ya mji wetu inapoingia. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya lava, ya kale au ile ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002, na mwamba huo mkavu hupitisha umeme vibaya, mbali na kwamba nondo ya mita moja na nusu haiingii hata ukiipiga nyundo siku nzima. Tuseme fundi mwaminifu amejitahidi na amepata ardhi yenye ukinzani wa omu 500. Friji au pampu ikivujisha volti 220 kwenye ardhi hiyo, utapita mkondo wa miliampea 440. Dijonkta ya ampea 16 haitashtuka kamwe. Diferensieli ya miliampea 30 itakata papo hapo. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba hapa Goma diferensieli haina maana kwa sababu ardhi ni mbaya ameigeuza hoja: kadiri ardhi ilivyo mbaya ndivyo diferensieli inavyohitajika zaidi. Hata pasipo ardhi kabisa itafanya kazi siku mtu atakapoguswa, ingawa hapo mtu mwenyewe ndiye anayekuwa njia, na atausikia mshtuko kabla haujakatwa.

Wekeni diferensieli ya tangi peke yake, isichangie na friji wala jiko, maana ikikata kwa kosa la kifaa kingine mkiwa safarini samaki watakosa hewa. Pampu ndogo ya hewa yenye betri yake, iliyowekwa juu zaidi ya kiwango cha maji ili maji yasirudi kwa mpira, huliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo. Nyaya zote zishuke chini ya prizi kisha zipande tena, ili tone la maji linalofuata waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi, na ralonji isikae sakafuni chini ya tangi.

Konvertisa inahitaji neno lake. Nyingi kati ya zinazouzwa hapa zina matokeo yanayoelea, yaani hakuna waya wake uliofungwa na ardhi, hivyo kifaa kikivuja diferensieli inaweza isione chochote. Msidanganywe na kitufe cha majaribio cha diferensieli: kitufe hicho hutengeneza uvujaji wake wa ndani na kitakata hata kwenye konvertisa inayoelea, bila kuthibitisha kwamba ingekata kwa mtu. Tena konvertisa za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na ngazi hizo kali hupenya kwenye kapasita za pampu na adapta kwa urahisi zaidi, kwa hiyo sindano zinaweza kuongezeka umeme wa mtandao ukikatika. Angalia kama jioni zako za sindano ndizo jioni za konvertisa. Vipimo vyote nilivyoeleza virudiwe mkiwa kwenye betri, na diferensieli ikae baada ya konvertisa, si kabla yake.

Samaki je? Samaki aliyezungukwa na maji ya volti 74 hana habari nazo, sawa na ndege aliyetua kwenye waya wa SNEL, kwa sababu kinachoumiza ni tofauti ya volti kati ya kichwa na mkia wake, nayo haipo kama hakuna mkondo unaopita majini. Mkondo ukiwepo kweli, huonekana kwa tabia: samaki hushtuka wote kwa pamoja kifaa kinapowaka, au hujibana kona moja mbali na kipasha-maji. Vishimo vya kichwani ni habari nyingine. Imezoeleka kusema vinaletwa na umeme unaovuja, lakini sijaona ushahidi wa kutegemewa; kwa samaki wa jamii hii ningetazama kwanza chakula cha aina moja, maji yasiyobadilishwa vya kutosha, na vijidudu vya matumbo vinavyoitwa Spironucleus. Daktari wa mifugo anayejua samaki atakusaidia hapo kuliko mimi.

Mwambie mzee wa nyumba asitupe vifaa vyote. Atupe kitakachofeli kipimo, na kama kipasha-maji kina umri wa miaka kadhaa akibadilishe hata kikifaulu. Fedha iliyobaki iende kwenye diferensieli.

Msijaribu wenyewe, na mwiteni fundi wa umeme mwenye vifaa, ikiwa ardhi ya prizi imeshindwa kipimo cha rezista, ikiwa kati ya nyutro na ardhi kuna volti makumi, ikiwa diferensieli inakata tena na tena bila kifaa kilichochomekwa, au ikiwa mtu amesikia sindano kwenye bomba, friji au jiko. Mtu akinaswa na umeme, kateni dijonkta kuu kabla ya kumshika. Akiwa amezimia hata kidogo, au moyo unamwendea mbio baadaye, apelekwe hospitali siku hiyo hata kama anasema amepona. Na fundi akija kuwatengenezea ardhi, mwulize ataipima kwa kifaa gani akimaliza. Kwenye lava yetu kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa waya wa shaba mtupu uliolazwa kwenye mtaro mrefu uliojazwa udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu, badala ya nondo moja ya kupigwa nyundo, na matokeo yake huandikwa kwa omu. Mdai namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kumlipa.